Kikundi kidogo cha watoto wenye sikoseli: wachangiaji wa kudumu tunawapata hivi (uzi mrefu, jipange)

Sato wa Kirumba (mleta mada)

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi, ila nimeona watu wengi humu wanaanzisha vikundi vya kusaidia watoto halafu miezi sita vimekufa, kwahiyo naweka ninachokijua na nyie muweke vyenu.

Niko Mwanza. Mimi na wenzangu kadhaa tuna kikundi cha kusaidia watoto wenye sikoseli, selimundu kwa jina lingine, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pamoja na familia zao. Hatuna ofisi wala gari lenye nembo mlangoni, tuna laini ya simu, leja na watu. Kazi ni nauli ya kliniki kwa wanaotoka Ukerewe, Sengerema, Misungwi huko, dawa zikikosekana dirishani, masweta, neti, na kutafuta damu mtoto akiishiwa.

Kwa wasiojua ukubwa wa jambo, inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka, tupo kundi moja na Nigeria, Kongo na India, na huku kanda ya ziwa ndo mzigo ulipo mkubwa. Na haya si maradhi ya kulazwa wiki ukapona ukasahau. Mtoto anaishi nayo, vidonge vya foliki kila siku, penisilini mpaka afike miaka mitano, wengine wako kwenye dawa ya hydroxyurea ambayo inataka kupima damu kila baada ya muda, malaria ikimgusa ni balaa, baridi ikimgusa ni maumivu ya mifupa usiku kucha. Sasa mtu anayekuja na laki tano mara moja mkapiga naye picha akaondoka, Mungu ambariki, ila nauli ya kliniki ya mwezi ujao iko palepale.

Hoja yangu ni hii. Watanzania tunachanga, asikudanganye mtu. Angalia harusi, mtu ana madeni mpaka kwa muuza chipsi lakini hela ya kadi ya singo au dabo atatafuta. Kwanini kamati ya harusi inapata na kikundi cha watoto kinalialia? Watu watasema roho mbaya, mimi nasema harusi ina tarehe. Ina tarehe, ina ahadi iliyoandikwa jina, ina mjumbe anayekupigia simu bila aibu "kaka ahadi yako vipi", ina kadi unaishika mkononi, na siku yenyewe unaiona hela yako ipo kwenye sahani. Kikundi cha watoto kinafanya nini? Kinarusha picha ya mtoto ana dripu na namba ya simu chini, watu wanaumia, wanatuma, kesho uchungu umepoa na hela imekata, mnatafuta picha nyingine ya kuumiza zaidi. Hiyo biashara haina mwisho mzuri, watu wanazoea, na mtoto umeshamvua nguo mbele ya mji mzima.

Kwahiyo sisi tulichofanya ni kuutengenezea mwaka tarehe. Tarehe zenyewe zipo tayari, hatukubuni. 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, 19 Juni ni siku ya sikoseli duniani, siku tano tu kati yake, na hapo hapo kipupwe kinaanza kwahiyo Juni na Julai ni masweta na blanketi. Septemba ni mwezi wa uelewa wa sikoseli, hiyo tunaitumia kwa kupima watu na kuongea makanisani na misikitini. Januari ni shule, daftari na barua kwa mwalimu kwamba huyu mtoto aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni, asichapwe kwa kuchoka. Mvua za masika ni neti. Ramadhani na Kwaresima zinajitegemea, watu wenyewe wanatafuta pa kutoa. Ukipanga hivyo mchangiaji haombwi "tusaidie watoto" mwaka mzima mpaka akachoka, anaambiwa msimu huu ni masweta, tunataka masweta kadhaa, mwisho tarehe fulani, na ikifika tarehe anaambiwa yamefika mangapi na yaliyopungua ni mangapi.

Ila chini ya misimu kuna kitu cha kila mwezi, na hapo ndo jamii yenyewe ilipo. Tuliweka kiwango kidogo makusudi, 2,000. Wapo waliosema weka 10,000 maana mtu anayeshindwa 10,000 hayuko siriasi. Nikawaambia mtu wa 10,000 ukimkosa umekosa watano, na mtu wa 2,000 hana sababu ya kukukwepa barabarani. Piga hesabu, watu 100 wa 2,000 ni laki mbili kila mwezi, sio hela ya kutikisa mji lakini unaweza kuipangia, unamwambia mama wa Nansio kule Ukerewe njoo kliniki tarehe yako nauli ya kurudi ipo. Kupanga ndo utamu wote.

Halafu mjue watu wenu wanapata hela lini. Wa mshahara ni mwisho wa mwezi, sawa. Ila sisi wachangiaji wetu wengi ni akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, mama hana mzigo, ukimkumbusha mchango siku hizo unamtia aibu bure. Tukahamishia ukumbusho wao kwenye giza. Hakuna aliyetufundisha hiyo kwenye semina yoyote, mama mmoja alisema tu "mwanangu kwani wewe huangalii mwezi?" na tangu hapo mchango wa Mwaloni haujasumbua.

Nimechoka kutaipu, naendelea chini. Maswali karibu.

---

Kiroboto Mzoefu

Nimekaa pale kwa chini nasoma komenti

---

Mzee wa Stakabadhi

Mkuu umeandika vizuri ila hivi vikundi tunavijua. Leo nauli ya kliniki, kesho mwenyekiti ana boda tatu barabarani. Mimi nilishachangia kimoja huku mtaani kwetu, mpaka leo sijui hela ilienda wapi na grupu lilifungwa usiku. Nipe sababu moja ya kuamini chako, moja tu.

---

Sato wa Kirumba

Mzee wa Stakabadhi shikamoo, usiniamini. Naongea kweli, usiamini mtu, amini utaratibu, na usipouona ondoka na 2,000 yako.

Cha kwanza hela isiingie kwenye namba ya mtu. Hii ya "tuma kwenye namba hii jina litakuja la mke wangu, tuma na ya kutolea" ndo kaburi la vikundi vyote. Chukueni Lipa Namba yenye jina la kikundi, mtu akiwa anatuma analiona jina la kikundi kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, hiyo peke yake inaondoa nusu ya wasiwasi. Akaunti ya benki watia saini watatu, hela haitoki mpaka wawili wasaini, na hao wawili wasiwe mtu na shemeji yake.

Cha pili ripoti. Yetu inatoka tarehe moja kila mwezi ije mvua lije jua, hata mwezi ambao hatukufanya kitu cha maana. Ni mistari michache tu, tulianza na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, nauli kiasi gani kwa watoto wangapi, dawa, makato ya mtandao, baki. Makato tunayaandika kabisa, maana tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu walianza kuuliza mbona hela inapungua, ukiwaonesha wanaelewa. Na mwezi tukiwa na baki ndogo tunaandika ndogo. Mtu anayeona umeandika "baki 14,500" anajua hawa hawajipambi, atatuma.

Cha tatu leja iko wazi. Mchangiaji yeyote, hata wa 500, anaweza kuja siku ya kikao akaomba risiti. Wanaokuja ni wachache sana kusema ukweli, lakini wote wanajua wanaweza kuja.

---

Mzee wa Stakabadhi

Marahaba. Hapo kwenye shemeji umenigusa. Endelea nakusikiliza.

---

Mama Wawili Nyakato

Naomba niongee kama mzazi, maana nyie mnaongea kama viongozi.

Wa kwanza wangu ana sikoseli, yuko darasa la nne sasa. Kuna watu walishawahi kuja, sisemi nani, wakampiga picha akiwa kwenye maumivu, macho yamekuwa ya njano, wakaiweka mtandaoni na jina lake na mtaa. Hela walipata sijui, mimi nilipata unga na sukari. Mwanangu alipata jina shuleni, "yule wa kuchangiwa". Alikaa hataki kwenda shule. Kwahiyo mtu akiniambia picha inasaidia kupata wachangiaji namwambia weka ya mwanao kwanza.

Na kuna jambo hamlisemi, ndugu wa upande wa mume walishaanza maneno kwamba nimeleta ugonjwa kwenye ukoo. Wakati sikoseli mtoto anapata akirithi kutoka kwa wote wawili baba na mama, na kila mimba mna uwezekano wa moja katika nne. Ukirusha picha yangu mtandaoni unawapa watu wa maneno chakula. Mnaotafuta wachangiaji mfikirie na ndoa za watu.

---

Sato wa Kirumba

Dada pole sana na wabeja kwa kusema. Hili ningelileta mwenyewe ila wewe umelisema kama linavyotakiwa.

Sisi picha za watoto hatuweki kabisa, hata za kuficha macho, maana mtaani mtu anamjua mtoto kwa shati tu. Tunapiga picha masweta yamepangwa mezani, risiti, daftari, wachangia damu wenyewe wakikubali. Watu walituambia mtakosa hela. Za haraka tulikosa ni kweli, zile za mtu kalia na kutuma elfu hamsini. Ila waliobaki wamebaki.

---

Mjuzi wa Vifungu

Kuongezea hapo kisheria kidogo, mimi si wakili wa mtu ila nasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, Na. 11, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za watoto humo zimewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti. Kwahiyo ile eksel yenu yenye majina ya watoto, ugonjwa, namba za wazazi, haitakiwi kuzunguka kwenye grupu la watu mia tatu ili kuonesha uwazi. Uwazi ni wa hela, sio wa watoto. Wapeni namba, mtoto 07, mtoto 12, orodha ya majina abaki nayo mtu mmoja au wawili.

Usajili nao msiuchukulie poa. Kikundi cha mtaani anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnasajiliwa halmashauri. Mkitaka kuwa NGO ni Sheria Na. 24 ya 2002 na marekebisho yake ya 2019, kwa Msajili chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na huko kuna ripoti za mwaka na mahesabu, msiingie kama hamna mtu wa mahesabu. Na kama kuna mtu anawaza kuchukua watoto walale kwenye nyumba yake aite kituo, asome Sheria ya Mtoto ya 2009 kwanza, makao ya watoto yana leseni yake.

---

Kijana wa Mipango

Sato mbona mnajitesa na buku mbili mbili, andikeni proposo tafuteni mzungu mmoja anawamalizia kila kitu mwaka mzima. Nina rafiki yangu Arusha kafanikiwa hivyo

---

Sato wa Kirumba

Kijana wa Mipango mzungu akija karibu, hatumfungii mlango. Ila kumbuka Januari 2025, Marekani walisimamisha misaada ya nje siku 90 kwa sahihi moja tu, na hapo tunaongelea miradi yenye magari na wahasibu. Sasa wewe na kikundi chako cha leja moja ukimtegemea mtu mmoja, akibadilisha kazi tu au akaoa umekwisha. Na mfadhili wa mbali anakuja na anachotaka yeye, atataka semina na fulana wakati wewe unataka nauli ya kivuko.

Zaidi ya hapo mzungu hawezi kutoa damu hospitali ya Bugando saa nane usiku.

---

Nesi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na kwenye hilo la damu Sato naomba nikae kidogo, maana naona mnaongelea wachangiaji mkimaanisha hela tu.

Mtoto wa sikoseli seli zake nyekundu zinakufa mapema, damu inashuka, wakati mwingine inashuka ghafla bandama likivimba, na hapo hakuna cha kusubiri mshahara. Hela mfukoni haisaidii kama benki ya damu haina kundi lake. Ndo unakuta mama katoka kijijini peke yake anaambiwa lete ndugu wachangie, ndugu wako kisiwani. Kwahiyo kikundi kikiwa na orodha ya watu hamsini walio tayari kutoa damu, kimemzidi mwenye milioni.

Ila mnakosea jambo moja, na ninawaona wengi. Mnabeba watu wote 14 Juni mnatoa damu siku moja, fulana moja, picha nzuri, mnarudi nyumbani. Damu nyekundu inakaa kwenye jokofu siku 35 tu. Na mwanaume akishatoa anakaa miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Sasa mmetoa wote Juni, Julai katikati ile damu imeisha muda, na nyie wote bado hamruhusiwi kurudia. Tena wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari, wakifunga shule Juni na Desemba ndo uhaba unapouma.

Gaweni watu. Wa kundi la kwanza Januari, Aprili, Julai, Oktoba, wa pili Februari na kuendelea, wa tatu Machi na kuendelea. Wanaume hiyo inawakaa sawasawa, wanawake waruke mzunguko wao. Sharti awe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, na asiwe anaumwa. Msikusanye vikundi vya damu vya watu mkaviandika grupuni, kaeni navyo kwenye daftari.

---

Sato wa Kirumba

Mama shikamoo. Hii nimeichukua kama ilivyo naipeleka kwenye kikao alhamisi. Tulikuwa na orodha ya dharura tu, mtu anapigiwa likitokea jambo, hii ya kugawana miezi hatukuwa nayo.

Na niseme, watu wa damu ndo wamekuwa wachangiaji wazuri wa hela pia, bila kuombwa. Kijana akishatoa damu akaambiwa "ile ya jana mtoto ameamka anakula uji", bila jina bila picha, ujumbe tu, huyo humwondoi tena. Klabu moja ya jogging hapa mjini walianza kwa damu, sasa hivi wao ndo wanabeba msimu wa masweta karibu wote.

---

Jamaa wa Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu magharibi pia sickle iko mingi sana, hii maneno inatuhusu.

Nawapa moja ya mbinu. Sisi tunatumia paybill, ile namba ya malipo ya M-Pesa, na pale kwa account number mchangiaji anaandika neno, SWETA, NAULI, DAMU, kulingana na anachotaka pesa yake ifanye. Mwisho wa mwezi statement inajipanga yenyewe, mweka hazina hasumbuki. Na ukiona watu wameandika NAULI wengi unajua mioyo yao iko wapi. Kitu ya pili, tuliacha harambee. Harambee mwanasiasa anakuja, anatangaza kubwa, cheki haifiki, na mama wa mboga aliyetoa mia mbili anajiona mdogo. Tukarudi kwa mtindo wa chama, kila mtu kidogo kidogo na tunakutana nyumba kwa nyumba, chai tu na mkate.

---

Dabo Kadi

Swali la kijinga labda. Majina ya waliochangia mnaweka grupuni? Maana ile list ya kukopi na kupesti, 1 fulani 5,000 tiki, 2 fulani 2,000 tiki, mimi inanikera. Nikikuta jirani kaweka 20,000 najikuta nasubiri nipate nyingi, mwisho sitoi kabisa

---

Sato wa Kirumba

Sio swali la kijinga, ndo ugomvi mkubwa wa kikundi chetu mpaka sasa.

Upande mmoja wanasema list inavuta, mtu akiona wenzake wana tiki anaona aibu anatuma, harusi zote zinaendeshwa hivyo. Upande wa pili kuna waislamu wenzetu wanaopenda sadaka ya siri, na walokole nao wanakukumbusha mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na kuna watu kama wewe. Tulichokubaliana kwa muda ni majina yanawekwa bila kiasi, kwa alfabeti, na mwenye kutaka kufichwa anaandikwa "rafiki". Mhasibu ana kiasi. Mimi binafsi ningetoa list yote nibaki na jumla, ila nilishindwa kwa kura.

Kuhusu grupu lenyewe, wengi wanajaza watu elfu moja kwenye WhatsApp wakidhani ndo jamii. Grupu likiwa wazi ndani ya wiki ni video za asubuhi njema, matangazo ya viwanja na ubishi wa Simba na Yanga, wanaoombwa damu hawaoni ujumbe. Sisi grupu kubwa wanaandika maadmini tu, ni la ripoti na matangazo. Wachangiaji tunawagawa kwa mahali walipo, Mwaloni, Igoma, Buhongwa, Nyakato, kila sehemu ina mjumbe mmoja ambaye anawajua kwa sura, na watu wake hawazidi ishirini na kitu. Yule mjumbe ndo anampigia mtu. Mtu aliyekaa miezi miwili kimya hapigiwi kuulizwa mchango, anapigiwa kujuliwa hali. Nusu yao utakuta kafiwa, kaachishwa kazi, au mtoto wake mwenyewe anaumwa, na kuna mmoja ilikuwa sisi ndo tunatakiwa kumchangia yeye. Akirudi anarudi, asiporudi jina lake linabaki, hatumtoi kwenye kundi.

Na kwa wanaotumia brodikasti ya WhatsApp, kumbuka ujumbe unamfikia tu aliyesevu namba yako. Watu wanatuma kwa watu 256 wanashangaa wamejibu kumi. Siku ya kwanza mtu akichangia mwombe asevu namba palepale mkiwa naye.

---

Mswahili Muscat

Assalaam alaykum. Niko Oman, huku sikoseli pia ipo sana na jirani zetu Saudia kupima kabla ya ndoa ni lazima tangu 2004. Sisi wa mbali tunapenda kutoa lakini tunachoka na mtindo wa kukumbukwa wakati wa shida tu. Ndugu wanatupigia kama sisi ni benki. Mimi nikipewa ripoti kila mwezi na salamu ya Idi bila kuombwa kitu, nitatoa mpaka nirudi nyumbani. Na msitutumie voisi za dakika kumi, tuko kazini, andikeni.

---

Sato wa Kirumba

Waalaykum salaam ndugu yangu. Salamu bila kuomba, hiyo naiandika kwa wino mwekundu. Hata wa hapahapa mjini wanaihitaji.

---

Mama Wawili Nyakato

Swali langu la mwisho halafu nalala. Sisi wazazi kwenye kikundi chenu tuko upande gani? Maana sehemu nyingi mzazi ni wa kukaa kwenye benchi anasubiri mgao, anapiga makofi.

---

Sato wa Kirumba

Dada kwetu wazazi wako kwenye kamati, mmoja wa watia saini wa benki ni mama mwenye mtoto wa sikoseli, na anabana hela kuliko sisi wote. Anajua bei ya foliki kwenye kila duka la dawa kuanzia Bugando mpaka Mabatini, ukimletea risiti yenye bei ya ajabu unarudishwa nayo. Wazazi wanachangia pia, wanaoweza, hata 500, na hawalazimishwi. Mzazi mzoefu anampokea mzazi mpya siku ya kwanza kliniki, anamwambia homa ikipanda usisubiri asubuhi, vidole vya mtoto vikivimba sio kwamba kalogwa, mpe maji mengi, mfunike. Hiyo kazi hakuna mchangiaji wa hela anayeweza kuifanya. Nyakato mjumbe wetu anahama mwezi ujao, nitakutafuta inbox kama hutojali.

---

Mama Wawili Nyakato

Nitafute. Ila picha hakuna.

---

Sato wa Kirumba

Picha hakuna.

---

Boda wa Igoma

Wakuu mi nimesoma uzi wote kwenye kijiwe hapa, hela ya kila mwezi siahidi maana boda yenyewe ya mkataba, na kilo zangu 48 damu hawataki. Ila usiku niko barabarani. Kama kuna mama anahitaji kufika hospitali saa nane saa tisa mnaweza kunipigia

---

Sato wa Kirumba

Boda wa Igoma wewe ndo tulikuwa tunakutafuta. Upande wa Igoma na Kishiri hatuna mtu wa usiku kabisa, mama akipatwa anaanza kugonga milango ya majirani. Nitumie namba inbox, mjumbe wa Igoma atakuja kijiweni kwenu mwonane, akuoneshe na nyumba zenyewe mchana ili usiku usipotee. Namba yako watapewa wazazi wa upande huo tu, haiwekwi grupuni.

---

Boda wa Igoma

Poa mkuu. Mafuta nani anaweka?

---

Sato wa Kirumba

Kikundi. Kwa risiti.